Vijiwe vya Mgomba

Mgomba ukifa haumwachii mwanaakiolojia kitu cha kuokota. Hauna gogo la kugeuka mkaa, na ndizi tunazokula hazina kokwa. Kinachosalia ni vijiwe. Mizizi hunyonya silika iliyoyeyuka katika maji ya udongoni, nayo huganda ndani ya seli za jani na kushika umbo la seli hizo. Jani lioze au liungue, kijiwe hubaki ardhini maelfu ya miaka. Wataalamu hukiita fitolithi.

Kukipata ni kazi ya kuosha na kusubiri. Udongo hutiwa asidi ya kuyeyusha chokaa, kisha dawa ya kula mabaki ya mimea. Mwisho hutiwa kimiminika kizito, mchanga ukazama na vijiwe vikaelea. Ndipo hadubini. Kijiwe cha jani la mgomba, kisichofika nusu ya unene wa unywele, kina sura ya mlima wa volkano wenye kreta kileleni.

Tatizo ni kwamba ensete, jamaa ya mgomba na mwenyeji wa Afrika, naye ana volkano zake. Tofauti imo kwenye upana wa kreta, ukingo wake na kitako. Kwa hiyo vijiwe hulazwa katika mafuta yasiyoganda. Fundi hukigusa kioo cha juu kidogo tu, kijiwe kikabingirika, akakitazama ubavuni, juu na chini. Kisha hukilinganisha na vijiwe vya majani aliyoyachoma mwenyewe, ya mimea anayoijua. Halafu kinachofuata, na kingine, mamia. Mimi ningekata tamaa kabla ya chai ya saa nne.

Mwaka 2000 Christophe Mbida na wenzake walitangaza vijiwe vya mgomba kutoka mashimo ya taka ya Nkang, kusini mwa Kamerun, vya takriban miaka 2,500. Kule Kuk, New Guinea, ambako migomba-mwitu ipo, kijiwe peke yake hakithibitishi kilimo. Lazima yaonekane na matuta. Afrika haina migomba-mwitu ya ukoo huo, na ndizi ya kuliwa huenea kwa chipukizi, kwa hiyo lazima mtu aliubeba mgomba hadi huko.

Mwanahistoria Jan Vansina hakuridhika na ushahidi wa Nkang. Ubishi mkali zaidi uliiangukia Munsa, Uganda, ambako vijiwe vya kinamasini vilidaiwa mwaka 2006 kuwa na zaidi ya miaka 5,000. Jicho lililozoea hutambua umbo. Kijiwe kiliingiaje katika tabaka lile la tope, hadubini haisemi.