Mkopo, Karadha na Murabaha

Istilahi ikikosewa darasani, mwanafunzi hupoteza alama. Ikikosewa katika mkataba, maskini hupoteza haki yake. Kwa hiyo tumeona yafaa kuihakiki ibara moja inayotumika katika tafsiri zihusuzo huduma ndogo za fedha zinazofuata sharia ya Kiislamu, nayo ni "mkopo bila riba".

Ibara hiyo yaweza kuwa sahihi kabisa. Shirika la Akhuwat, lililoanzishwa Lahore, Pakistan, mwaka 2001, huwapa maskini fedha, nao hurejesha kiasi kile kile cha mkopo. Hiyo ndiyo karadha hasana. Kosa huanza pale ibara iyo hiyo inapobandikwa juu ya murabaha.

Tuchukue mfano. Mshonaji anahitaji cherehani. Taasisi yainunua kwa shilingi 300,000, kisha yamwuzia kwa shilingi 345,000, alipe kidogo kidogo kwa miezi 12. Hapa hapana aliyekopesha fedha. Pana muuzaji na mnunuzi, na faida ya shilingi 45,000 iliyotajwa wazi. Mshonaji aliyeambiwa "mkopo bila riba" hutarajia kurejesha 300,000; akidaiwa 345,000 ataona amepunjwa. Zaidi ya hayo, hatajua kwamba anastahili kuambiwa bei ya kununulia, wala kwamba taasisi hairuhusiwi kumwuzia kitu ambacho bado haijakimiliki. Haki zote hizo zimefichwa na neno "mkopo".

Neno riba nalo lina nyuso mbili. Katika lugha ya mabenki halina lawama: tangu Januari 2024 Benki Kuu ya Tanzania hutumia "Riba ya Benki Kuu" kuongoza sera yake ya fedha. Katika fiqhi, neno lilo hilo ni jina la nyongeza iliyoharamishwa. Hatusemi lifutwe upande wowote. Twasema mfasiri aeleze, mara ya kwanza alitumiapo, amekusudia maana ipi.

Twapendekeza basi kwamba karadha, neno ambalo Kiswahili kinalo tangu zamani, litengwe kwa fedha zinazorejeshwa bila nyongeza. Kwamba murabaha ifafanuliwe kuwa "mauzo ya faida bayana". Na kwamba mteja wake aitwe mnunuzi, si mkopaji.

Wapo watakaotujibu kuwa mnunuzi huyo aghalabu hulipa sawa na mkopaji wa riba, hivyo majina hayana maana. Huenda hesabu zikalingana. Lakini hiyo ni sababu ya kumwonyesha mteja hesabu hizo kwa maneno aliyoyazoea, wala si sababu ya kumficha. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaongeza kwamba daftari lililoandikwa kwa istilahi potovu halimlindi mwenye mali.