Uhaba wa Wauguzi na Matabibu: Tukosoe Fikra Potofu

Kila suala la afya vijijini linapojadiliwa matawini na vyuoni, jibu hutolewa haraka: hatuna wataalamu. Kauli hii imerudiwa mara nyingi hata ikachukuliwa kuwa ni ukweli usiohitaji kuchambuliwa. Sisi tunaona kwamba ni kauli potofu, tena inawakinga wapangaji wasiulizwe maswali yanayowahusu.

Tuanze na historia. Mwaka 1961 Tanganyika ilikuwa na madaktari wazalendo 12 tu. Huo ulikuwa uhaba halisi wa watu, matunda ya ukoloni ambao haukuona faida ya kumsomesha Mwafrika. Taifa lililikabili tatizo hilo. Mwaka 1963 chuo cha udaktari kilifunguliwa Dar es Salaam, na baada ya Azimio la Arusha la 1967 mkazo uliwekwa katika kufundisha wauguzi, wakunga na waganga wasaidizi wa vijijini. Mafunzo na ajira vilikwenda pamoja. Aliyehitimu alipangiwa kituo.

Uhusiano huo ulivunjwa mwaka 1993, ajira katika sekta ya afya ziliposimamishwa wakati wa kurekebisha uchumi kwa masharti ya wakopeshaji wa nje. Wazee walistaafu na nafasi zao zikabaki wazi, huku vijana wenye vyeti wakikaa mitaani. Ndipo ulipozaliwa uhaba wa aina ya pili, yaani uhaba wa ajira katikati ya wataalamu.

Ushahidi upo. Machi 2017 Serikali ilikubali kuwapeleka Kenya madaktari 500. Mpango huo ulipozuiwa mahakamani huko Kenya, Rais Magufuli aliagiza walioomba, idadi yao 258, waajiriwe hapa nchini. Uamuzi huo ulikuwa mzuri. Lakini kada lazima ahoji: madaktari hao hawakufundishwa kwa mwezi mmoja. Walikuwepo. Walikuwa wanangoja nini wakati wagonjwa wanapanga foleni?

Kosa la kwanza ni kupima maendeleo kwa kuta. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, ulioanza mwaka 2007, ulilenga zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Lengo lilikuwa sahihi, lakini majengo yalitangulia na watumishi wakabaki nyuma. Jengo hugharimiwa mara moja na huzinduliwa kwa ngoma. Mshahara wa muuguzi hudaiwa kila mwezi, na hauna utepe wa kukata. Wananchi waliosomba mawe na mchanga hukuta muuguzi mmoja anayeandikisha, anayetibu, anayetoa dawa na anayezalisha. Akiitwa wilayani kupeleka taarifa, mlango hufungwa. Mama mwenye uchungu siku hiyo hana zahanati, hata kama takwimu zinasema anayo.

Kosa la pili ni kuwageuza wahitimu kuwa watu wa kujitolea bila kikomo. Kujitolea ni tunu ya ujenzi wa taifa. Lakini kazi ya kudumu ikifanywa na mtu asiye na mshahara, hapo ni unyonyaji uliovishwa vazi la uzalendo.

Wako watakaosema bajeti hairuhusu. Hatukatai kwamba fedha zinahitajika. Tunachokataa ni dhana kwamba bajeti ni amri ya mbinguni. Kuamua kipi kitangulie ni uamuzi wa kisiasa, na siasa ndiyo kazi ya Chama.

Kwa hiyo, jengo lolote lisipitishwe bila ikama, kibali cha ajira na nyumba ya mtumishi kuingizwa katika mpango huohuo. Kada wa kata aulize hayo kabla jiwe la msingi halijawekwa. Akinyamaza siku hiyo, asije kesho kumlaumu muuguzi aliyechoka.