Picha moja, lugha 31

Tarehe 6 Januari 2016, akiwa jukwaani Las Vegas, Reed Hastings, mkuu wa Netflix wakati huo, alitangaza kwamba kampuni hiyo imefungua huduma yake ya filamu mtandaoni siku hiyohiyo katika nchi nyingine 130. Habari zilijaa hesabu ya nchi. Kwa maoni yangu, kazi kubwa zaidi ilifanyika kwenye ghala la mafaili.

Filamu ikihifadhiwa huku picha, sauti na maandishi vimeshikana, kila lugha inadai nakala yake. Kosa likigunduliwa dakika ya 40, lazima lisahihishwe katika nakala zote, na ipo itakayosahauliwa.

Ili kuepuka hilo, Netflix walichagua mfumo wa IMF (Interoperable Master Format), kiwango cha SMPTE, chama cha wahandisi wa filamu na televisheni. Picha inakaa kwenye faili lake, na kila sauti kwenye lake. Toleo la lugha fulani ni orodha tu inayoelekeza: chezesha picha hii, kuanzia fremu hii hadi ile, pamoja na sauti hii.

Chukua maandishi ya jina la filamu yanayokaa kwenye skrini sekunde 8. Kwa fremu 24 kila sekunde, hizo ni fremu 192. Anayeandaa toleo la Kijapani hutengeneza hizo 192 peke yake. Orodha inachezesha picha ya asili, inaingiza kipande cha Kijapani, kisha inarudi kwenye picha ya asili baada ya fremu hizo. Kama filamu ni ya saa mbili, fremu nyingine zaidi ya 172,000 haziguswi kabisa.

Mafaili hayatambuliwi kwa majina, maana majina watu huyabadilisha. Kila moja lina namba isiyojirudia. Orodha ya kifurushi kizima cha mafaili nayo hubeba alama ya kihesabu ya kila faili, hivyo likiharibika njiani linajulikana kabla halijatumika.

Ndivyo picha moja inavyoweza kubeba lugha nyingi: tamthilia ya Squid Game ya Korea Kusini ilipotoka Netflix mwaka 2021, ilikuwa na manukuu ya lugha 31 na sauti za lugha 13.

Lakini orodha haiwezi kuita kisichohifadhiwa. Watengenezaji wanapaswa kukabidhi picha zisizo na maandishi, pamoja na sauti isiyo na mazungumzo: muziki, nyayo, mlango unaofungwa. Hapo ndipo ninapowaonea huruma mafundi. Mradi ukifungwa bila sauti hiyo, mtu ataingia studio na jozi ya viatu, atazame skrini, azirekodi upya nyayo zote, hatua kwa hatua.