Springi Zilizolala na Tairi la Nyuma Linalosugua: Uchambuzi wa Ukarabati katika Barabara ya Lusenda

Tairi la nyuma linapoanza kusugua bodi ya gari kuukuu, hitilafu aghalabu haimo katika tairi wala katika bodi, bali katika springi zilizo baina ya ekseli na chesisi. Ndiyo maana kukata ukingo wa madigadi kwa msumeno, ingawa hunyamazisha kelele kwa muda, huacha chanzo chenyewe kikizidi kuharibika. Uchambuzi huu unahusu namna hitilafu hiyo inavyopimwa na kurekebishwa kwenye Toyota Land Cruiser ya aina ya HZJ75, gari la mzigo la familia ya 70 iliyoanza kutengenezwa mwaka 1984. Hadi mabadiliko ya mwaka 1999 magari ya mzigo ya familia hiyo yalikuwa na springi za mabamba mbele na nyuma. Baada ya hapo za mbele zikawa za koili, na za nyuma zikabaki za mabamba ingawa zilirefushwa, jambo linalomlazimu mnunuzi wa vipuri kutaja toleo la gari lake kabla ya kutoa fedha.

Barabara ya Taifa namba 5 ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, inayotoka Uvira, mkoani Kivu Kusini, ikipita Lusenda na Baraka katika mwambao wa Ziwa Tanganyika kabla ya kupanda Fizi, ni mtihani mkali kwa springi za namna hii. Tangu kambi ya Lusenda ifunguliwe mwaka 2015 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Burundi, haja ya usafirishaji katika mwambao huo imeongezeka, na gari la zamani linalobeba magunia ya ndagala, unga wa muhogo na saruji hupita juu ya mashimo, makorongo na vivuko vya mito likiwa limejaa pomoni. Mchanga laini hujipenyeza baina ya mabamba, unyevu nao hufuata, na kutu ikishaanza mahali ambapo jicho halifiki, kila mtikisiko huisaga na kuitoa nje kama unga mwekundu, kisha chuma kipya kilichobaki wazi huanza kuliwa upya.

Springi ya mabamba, au resori kama inavyojulikana Kivu, ni fungu la vipande vya feleji vyenye urefu tofauti, vilivyokunjwa kidogo na kufungwa pamoja kwa bolti ya kati, na kila kipande kifupi hukunjwa zaidi kuliko kile kilicho juu yake ili bolti inapokazwa vikandamizane. Bamba kuu, lililo refu kuliko yote, lina macho mawili mwishoni: jicho la mbele hushikwa moja kwa moja na chesisi, na la nyuma huning'inia kwenye shakeli, yaani kiungo kinachoyumba ili kuipa springi nafasi ya kurefuka inaponyooshwa na mzigo. Kwa mpangilio huo springi haibebi uzito tu. Ndiyo pia inayoiamuru ekseli ikae wapi, mbele au nyuma, kulia au kushoto.

Hapa ndipo pa kutenganisha maradhi mawili ambayo huchanganywa mara nyingi. La kwanza ni springi kupoteza umbo, yaani kulala: unene wa mabamba ni uleule, ugumu wake ni uleule, ila mkunjo umepungua na bodi imeshuka kuelekea tairi. La pili ni kupoteza unene, na hasara yake ni kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa ugumu wa bamba hufuata kipeo cha tatu cha unene wake. Bamba la milimita 8 lililoliwa na kutu hadi milimita 7 limepoteza thumuni moja tu ya unene, lakini limepoteza karibu theluthi moja ya ugumu. Springi iliyolala inaweza kukunjwa upya, ilhali iliyoliwa haiponi kwa kukunjwa.

Kuyatofautisha hakuhitaji mitambo. Gari huwekwa mahali tambarare bila mzigo, ukapimwa umbali kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi kila upande, kisha hupakiwa mifuko minne ya saruji ya kilo 50 katikati ya boksi, juu ya ekseli, na vipimo hurudiwa. Upande ulioshuka zaidi kabla ya mzigo, lakini ukazama sawa na mwenzake baada ya kupakiwa, umelala; unaozama kuliko mwenzake umedhoofika, au una bamba lililovunjika, na mahali pa kwanza pa kutafuta ufa ni kwenye tundu la bolti ya kati, ambako chuma kimepunguzwa na mkazo ni mkubwa. Ikiwa pande zote mbili zimechoka kwa kiasi kimoja, ulinganisho huo hautasema lolote, na hapo unene wa kila bamba hupimwa kwa kalipa.

Alama zilizo juu ya tairi nazo husomwa kabla ya kufungua nati yoyote. Msuguo juu ya kashata, unaotokea gari linapoingia shimoni tu, ni wa springi kulala. Msuguo kwenye ubavu wa ndani huelekeza kwenye bushi zilizokwisha au rimu isiyo ya gari hilo. Msuguo wa mbele au wa nyuma ya tao la gurudumu, hasa ukiwa upande mmoja, ni dalili nzito kuliko zote, kwa sababu huenda bolti ya kati imekatika na ekseli imeteleza juu ya springi. Kipimo cha kutoka kitovu cha gurudumu la mbele hadi cha nyuma, ambacho kwa HZJ75 ni milimita 2,980, kikitofautiana kati ya kulia na kushoto, gari hilo halifai kurudi barabarani.

Njia za mkato ni nyingi na hazina uzito sawa. Shakeli ndefu huinua bodi kwa takriban nusu tu ya urefu ulioongezwa na hubadili pembe ya ekseli. Bamba la ziada huongeza ugumu, hivyo hufaa gari lililozidiwa na mzigo, lakini halirudishi umbo la mabamba yaliyolala. Mbaya kuliko zote ni kupasha bamba moto kwa gesi hadi liwe jekundu na kulikunja: feleji ya springi hupata unyumbufu wake kiwandani kwa kuchomwa, kuzamishwa katika mafuta na kupashwa tena joto la wastani, na moto wa gereji huufuta unyumbufu huo mahali hapohapo panapobeba mkazo. Kulichomelea bamba lenye ufa huleta madhara ya jamii hiyohiyo.

Kazi sahihi hufanywa kwa baridi. Springi hufunguliwa, mabamba husuguliwa kwa brashi ya waya, na mkunjo wa kila moja huchorwa kwa chaki sakafuni ili mabadiliko yaonekane. Bamba hulazwa juu ya vishikizo viwili vilivyo karibu, upande wa ndani wa mkunjo ukitazama juu, na nyundo nzito yenye uso laini hupiga baina ya vishikizo, pigo moja baada ya jingine, kuanzia katikati kuelekea mwisho, pasipo kurudia mahali pamoja hadi pakaacha kovu.

Lakini mapigo hayo huacha jambo ambalo jicho halilioni, na ndilo linaloeleza kwa nini springi nyingi zilizokunjwa upya hulala tena upesi. Uso wa ndani wa mkunjo, ambao ndio unaovutwa gari linapobeba mzigo, hubaki na mvuto uliojificha ndani yake baada ya kugongwa, hivyo mzigo wa kwanza huukuta umekwisha kuvutwa nusu ya njia. Dawa yake ni kukunja kupita kiasi kinachotakiwa, kuliunganisha fungu zima, kisha kulikandamiza hadi linyooke kabisa mara kadhaa kabla ya kulifunga garini. Springi hushuka kidogo, mvuto ule hugeuka kuwa mgandamizo wenye manufaa, na kimo kinachobaki ndicho cha kuaminiwa. Pasipo na mtambo wa haidroliki, jeki ya tani nyingi chini ya chesisi ya lori lililopakia yaweza kufanya kazi hiyo, mradi springi imefungwa kwa mnyororo na hakuna mtu aliyesimama kwenye mwelekeo wake, kwani ikichomoka huua.

Wakati wa kurudisha, yubolti zinazobana springi kwenye ekseli huwa mpya, kwa sababu nyuzi za zile za zamani zimekwisha kuvutika, na bolti za bushi hukazwa mwisho, gari likiwa limesimama juu ya magurudumu yake. Zikikazwa likiwa juu ya jeki, mpira wa bushi hubaki umesokotwa na kupasuka mapema. Yubolti hukazwa tena baada ya safari ya kwanza ya kwenda Baraka na kurudi na mzigo, mabamba yakiwa yamekwisha kukaliana. Ikiwa tairi bado linagusa baada ya hapo, na vipimo vya pande zote mbili vinalingana, ndipo ukubwa wa tairi lenyewe unapoulizwa, kwa kuwa gari hili liliundwa kwa ajili ya tairi jembamba la 7.50R16, na tairi pana zaidi hutaka nafasi ambayo springi, hata ikiwa mpya, haiwezi kuitoa.