Supu ya makongoro Kishapu: anza na maji

Wauza supu wa Mhunze na Maganzo hubandika mifupa usiku, na alfajiri bakuli linamfikia mteja pamoja na chapati, limau na pilipili. Ahadi zake zinajulikana: supu ya makongoro huongeza ute wa magoti, huunga mfupa uliovunjika, humrudishia nguvu mama aliyejifungua. Ahadi hizo zinagusa afya za watu, kwa hiyo zinastahili kupimwa pale zinapotengenezwa, ndani ya sufuria.

Kongoro lina nyama kidogo sana. Kilichojaa humo ni ngozi, kano na gegedu, na vyote hivyo vimejengwa kwa kolajeni, protini ngumu iliyosokotwa nyuzi tatu tatu kama kamba ya katani. Joto likipita nyuzi joto 60 za Selsiasi msokoto huanza kulegea. Likikaa kwa saa kadhaa karibu na kuchemka, kolajeni huyeyuka ikawa jelatini. Hiyo ndiyo inayonata midomoni na kuigandisha supu usiku wa baridi wa Juni au Julai. Supu isiyoganda ikipoa ama imejazwa maji mno, ama imeepuliwa mapema, ama imepikwa kwa mifupa ya paja mitupu. Mfupa wa paja nao una zawadi yake, uboho, ambao ni mafuta na ladha. Mpishi hodari huchanganya vyote viwili.

Tukija kwenye ute wa magoti, tumbo halijui kwamba jelatini imetoka mguuni. Huivunja vipande vidogo kama linavyovunja protini nyingine, na damu huvipeleka popote vinapohitajika. Yapo majaribio ya unga wa kolajeni, gramu 10 hivi kwa siku, yaliyoonyesha nafuu kiasi ya maumivu ya goti kwa baadhi ya watu, lakini huo ni unga uliopimwa, si supu ya bakuli. Aliyevunjika mguu hufaidika kwa njia nyingine: anapata maji, chumvi na protini katika chakula kinachoshuka hata pale hamu ya kula imekwisha. Kwangu hilo si jambo dogo.

Ahadi dhaifu kuliko zote ni ya kuunga mfupa kwa kalsiamu ya supu. Mwaka 1934 watafiti wa Uingereza, McCance, Sheldon na Widdowson, walipima mchuzi wa mifupa na mboga wakaukuta uko nyuma sana ya maziwa. Mwaka 2017 watafiti wa Taiwan waliona kwamba bakuli moja la supu iliyopikwa nyumbani halifikishi asilimia 5 ya kalsiamu inayotakiwa kwa siku. Glasi ya maziwa ya mililita 250 ina miligramu 300 hivi, karibu theluthi ya mahitaji ya mtu mzima. Dagaa wa Ziwa Victoria, wanaoliwa na mifupa yao, nao wanaipita supu kwa mbali.

Hata hivyo utafiti huo wa Taiwan una jambo la kutufaa. Maji yalipotiwa asidi kiasi, kalsiamu iliyotoka mfupani iliongezeka zaidi ya mara 15. Hapa kwetu asidi inaning'inia mtini: ni ukwaju. Loweka kipande, chuja, mimina maji yake sufuriani tangu mwanzo. Tumia chungu au sufuria ya chuma kisichoshika kutu, kwa sababu asidi huila alumini, na sufuria za alumini zilizoyeyushwa kutokana na vyuma chakavu huweza kutoa risasi. Limau liache hadi bakulini, maana vitamini C yake huharibiwa na moto. Wanaotia magadi ili kongoro lilainike upesi wanaokoa kuni, lakini wanayageuza maji kinyume cha asidi, na kalsiamu inabaki mfupani. Tena magadi ya Bonde la Ufa huwa na floridi.

Na floridi ndiyo hasa inayonifanya niandike kuhusu Kishapu. Mkoa wa Shinyanga ni mmoja wa mikoa ambayo maji yake ya ardhini yana floridi nyingi, na wilaya hii ina miamba ya kimbalaiti, ile iliyompa mwanajiolojia John Williamson almasi za Mwadui mwaka 1940. Udongo wa juu ya miamba hiyo umewahi kupimwa ukakutwa na floridi nyingi mno. Shirika la Afya Duniani linataka maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Yakizidi, meno ya watoto huota na madoa ya kahawia, na kwa miaka mingi mifupa hukakamaa na kupinda. Floridi haitoki na mvuke. Maji ya kisima yakichemka usiku kucha yakapungua nusu, kiwango chake kwa lita kinakaribia maradufu, na kila kata ya maji unayoongeza inaleta floridi nyingine. Kwa hiyo aliyebandika supu ili aimarishe mifupa anaweza kuwa anaidhuru.

Tiba yake ni kubadili maji. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri yana floridi kidogo, na ndivyo yalivyo ya Ziwa Victoria yanayovutwa Ihelele, Misungwi, na kusambazwa na mamlaka ya maji ya KASHWASA. Kituo cha Ngurdoto, Arusha, kimekuwa kikichuja floridi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Lakini mifupa hiyo huchomwa kwanza kwa namna maalumu. Usitegemee mfupa mbichi wa sufuriani ufanye kazi hiyo.

Saa 8 za moto nazo zina gharama yake katika mkoa uliopoteza miti hadi mradi wa hifadhi ya ardhi, HASHI, ukaanzishwa mwaka 1986 na ngitili, yaani malisho yanayotengwa na kuhifadhiwa, zikarudishwa. Sufuria ya presha hufupisha kazi ikawa ya saa 2 hivi, na maji hayapungui sana. Denis Papin alipowaonyesha wanasayansi wa London chombo cha kwanza cha aina hiyo mwaka 1679, alikuwa amekibuni kwa ajili ya kulainisha mifupa. Asiye na sufuria ya presha afunike vizuri na kupunguza moto baada ya kuengua povu la kwanza. Moto mkali huchafua supu kwa mafuta bila kuiharakisha sana.

Tahadhari nyingine ni ya mifupa yenyewe: ikitoka upande wa machimbo ya dhahabu, muulize mchinjaji ng'ombe alichungwa wapi. Risasi huhifadhiwa mfupani kama kalsiamu, na zebaki hujikusanya zaidi kwenye figo. Mnyama aliyekunywa maji ya mialo ya kuchenjulia dhahabu au kulishwa karibu na marudio, yaani mabaki ya mchanga uliochenjuliwa, asiingie sufuriani. Mwenye jongo au presha ajadiliane na daktari kabla ya kuizoea supu.

Mwisho, watoto. Ufaransa iliwahi kuwalisha maskini supu ya jelatini ya mifupa kwa matumaini makubwa, hadi mwaka 1841 tume iliyoongozwa na mwanafiziolojia Magendie ilipotoa taarifa kwamba mbwa waliolishwa jelatini peke yake walidhoofika. Leo sababu inajulikana: jelatini haina triptofani, kijenzi cha protini ambacho mwili hauwezi kujitengenezea. Mtoto aliyeachishwa ziwa asijazwe supu nyembamba kabla ya chakula. Pondea choroko au dengu zilizoiva ndani ya supu yake, iwe nzito, kisha umpe maziwa.