Mpagazi na Mwenye Daftari

Katika vitabu vilivyoandikwa juu ya desturi za Unyamwezi, tangu Richard Burton alipofika Kazeh, karibu na mji wa Tabora, tarehe 7 Novemba 1857, kuna usemi mmoja urudio daima: Mnyamwezi ni mtu wa namna hii, Mnyamwezi ni mtu wa namna ile. Huyo Mnyamwezi mmoja hakuna aliyepata kumwona. Hata jina lenyewe lilienezwa na watu wa pwani.

Burton alikuwa hodari wa lugha, wala simdharau. Yeye mwenyewe aliandika ya kuwa kubeba mzigo huko kulihesabiwa kuwa dalili ya uanaume. Lakini mpagazi alipotua mzigo akatoroka, wasafiri wengi waliandika kuwa ndiyo tabia ya kabila, wakafunga daftari. Hawakuuliza habari za mvua. Katika Unyamwezi mvua huanza yapata mwezi wa Novemba, na mwenye shamba ilimpasa kuchagua: ujira wa nguo, au mbegu ardhini.

Hapo ndipo falsafa iitwayo udhanaishi itufaapo. Jean-Paul Sartre alinena mjini Paris mwaka 1945 ya kuwa mtu kwanza yupo, kisha hujifanya alivyo kwa kuchagua kwake. Kabla yake Kierkegaard, Mkristo wa Denmark aliyekufa 1855, alikataa mtu kumezwa na mfumo wa wanafalsafa. Mchunguzi aliyesadiki hayo hataridhika na kuuliza, “Desturi yenu ni ipi?” Atauliza, “Wewe siku ile ulifanya nini, na ungaliweza kufanya nini jingine?”

Wilhelm Blohm, mmisionari wa Kimoravian, aliikaribia njia hiyo, maana kitabu chake Die Nyamwezi (1931–1933) kina juzuu nzima ya maneno ya wenyeji. Walakini juzuu nyingine mbili zapanga mambo kwa mafungu, na msemaji hupotea humo.

Sartre naye asipite bila kuulizwa. Mtu wake husimama peke yake mno. Mpagazi alikuwa na kirangozi mbele yake, na wenzake kambini, na ndugu waliomngoja nyumbani; tena wengi walitoroka kwa makundi. Basi, uchaguzi ule ulikuwa wa nani? Mwalimu atakayeandika masimulizi ya safari zile na aandike pia ni akina nani waliouzunguka moto usiku ule, na ni nani aliyekataa kwenda.