Kuukagua Mwani wa Kibuyuni Ukiwa Karen

Ukinunua mwani mkavu wa Kibuyuni hapa Karen, Nairobi, achana kwanza na maandishi ya pakiti. Mwombe muuzaji akumiminie kidogo kiganjani, kisha usogee dirishani. Ule unga mweupe ulioganda juu ya matawi usikutishe, ni chumvi ya bahari. Sugua kwa kidole. Chumvi ikitoka na chini yake ukaona kahawia au kijani kilichokolea, endelea. Lakini weupe ukibaki pale pale, tena kwenye kipande cha katikati tu huku pande zote mbili zina rangi, mimi huurudisha. Tawi likiwa limepauka lote, huenda ni jua na mvua vya kwenye kuanika. Doa la katikati hunitia shaka ya ugonjwa.

Ugonjwa wenyewe huitwa aisi-aisi. Maji yakipata joto kupita kiasi, au mvua kubwa ikipunguza chumvi, mwani hudhoofika, bakteria wakapata mwanya. Tawi hugeuka jeupe, hulainika, hukatika. Zanzibar, ambako kilimo cha mwani kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, aina ya mwani iitwayo kotonii imewafia wakulima wengi, wakabakia na aina ya spinosum, ambayo bei yake ni ndogo. Hasara hiyo imeangukia zaidi wanawake, na inauma.

Ndiyo maana kwangu kuupima mwani ni kumpima aliyeulima. Kibuyuni, kule Kwale, shambani huingiwa maji yakipwa. Mkulima hodari hupitia kamba baada ya kamba, akinyofoa kila tawi lililopauka na kulitia mfukoni akalizike nchi kavu. Anayelitupa majini anampelekea jirani ugonjwa. Mbegu huchagua ncha changa za mwani uliokua bila doa, na mbegu iliyotoka ufuo mwingine huitenga kwanza, akaichunguza. Kamba kuukuu huzisugua na kuzianika juani kabla ya kuzifunga tena.

Ukifika nyumbani, loweka konzi moja kwenye bakuli jeupe. Mchanga ukituama chini, mwani ulianikwa ufukweni badala ya chanjani; mchanga huo huoshwa. Nyuzi nyembamba kama nywele zikielea, au zikiwa zimeng'ang'ania matawi, shamba halikupaliliwa.

Ukirudi dukani, uliza mbegu ilitoka wapi. Muuzaji anayewajua wakulima wake atakujibu.